Katuni ya kiongozi imeleta barua ya wakili: ajibu vipi?

mwana_wa_langoni (Lamu)
Asalaam aleikum. Kijana mchoraji hapa Amu amechora kiongozi mmoja wa kaunti amepanda punda, mkononi ana mfuko ulioandikwa "pesa za gati". Ilienea Facebook na WhatsApp. Sasa ameletewa barua ya wakili: afute, aombe radhi hadharani na alipe fidia ya shilingi milioni 5 ndani ya siku 7. Wengine wanamwambia atakamatwa pia. Aanzie wapi?

kasida_malindi
Waaleikum salaam. Barua ya wakili si amri ya mahakama. Siku 7 hizo kaziweka wakili mwenyewe. Zikipita, mdai atachagua kwenda kortini au kunyamaza.

Asifute kitu kabla ya kuhifadhi: faili asili ya mchoro, picha ya skrini yenye tarehe, maneno aliyoyaandika chini yake na maoni ya watu. Akifuta vyote, nakala itabaki kwa mdai peke yake, pengine maneno ya chini yamekatwa. Tarehe ya kuchapisha ina uzito, maana kesi ya kashfa lazima ifunguliwe ndani ya miezi 12.

Sasa katuni yenyewe. Punda hana tabu. Huko ni kutia chumvi, kila msomaji anajua, na Ibara ya 33 ya Katiba inataja uhuru wa ubunifu wa sanaa. Tabu iko kwenye mfuko. Maneno matatu yale yanasema mtu ameiba fedha za umma, na hilo ni dai kuhusu jambo lililotokea, limeshavuka maoni. Kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa (Sura 36) kinasema kashfa ikimsingizia mtu kosa la kifungo cha miaka 3 au zaidi, fidia haiwi chini ya shilingi 400,000. Kinga ya mchoraji ni maoni ya haki juu ya jambo la umma, nayo husimama juu ya ukweli: ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kumbukumbu za bunge la kaunti, hati za zabuni. Kama anazo, azikusanye leo. Kama hana, aurekebishe mfuko, punda abaki.

Na asiichapishe barua hiyo kwa kejeli mpya. Maoni ya haki huvunjika ikithibitika nia mbaya, na matusi ya baada ya barua ndiyo ushahidi wa kwanza utakaoletwa.

mkomani_juu
Amu ni mji mdogo. Aende na wazee wake, aombe radhi, yaishe.

shela_kusi
Suluhu ya wazee ni njema, hata Ibara ya 159 inaitambua. Lakini radhi ya mdomo haimzuii mtu kufungua kesi mwezi ujao, na radhi ya maandishi yenye neno "nilimsingizia" ni kukiri. Iandikwe kwamba anasikitikia usumbufu bila kukiri kosa, na kwamba mdai ameacha madai yote. Watie sahihi wote wawili mbele ya mashahidi. Barua za majadiliano ziandikwe juu "bila kuathiri haki", ili zisigeuzwe ushahidi kortini.

Kuhusu kukamatwa: kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa jinai, kilibatilishwa na Mahakama Kuu Februari 2017 katika kesi ya Jacqueline Okuta. Kile cha 132, cha kudunisha mamlaka ya afisa wa umma, kilianguka mwaka huohuo. Kinachotumika kutisha watu sasa ni sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018. Imebishaniwa kortini tangu ipitishwe, kwa hiyo wakili aangalie kila kifungu kimesimama wapi leo. Akiitwa kituoni, aulize ni kifungu gani, na asiandikishe taarifa bila wakili. Ibara ya 49 inampa haki ya kunyamaza na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24; zikiishia nje ya saa za korti, husogea hadi siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana simu ya wakili iwe tayari kabla ya Ijumaa jioni.

mwana_wa_langoni (Lamu)
Shukran sana. Na samansi (wito wa korti) ikija kweli?

kasida_malindi
Asiipuuze hata siku moja. Anayesema "ni vitisho tu" ndiye hupigwa hukumu bila kusikizwa. Aandikishe kujitokeza, yaani aiarifu korti kwamba ataijibu kesi, ndani ya siku zilizotajwa kwenye samansi, kisha utetezi ndani ya siku 14. Dai la milioni 5 laweza kusikizwa na hakimu. Si lazima Mahakama Kuu. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi Mombasa, aanze kuwauliza hao kabla ya kuuza kitu chochote.

Kesi hizi huchosha kwa miaka hata bila hukumu. Mwanasiasa Jacob Zuma alimshtaki mchora katuni Zapiro huko Afrika Kusini kwa katuni ya 2008, akaiondoa kesi mwaka 2012. Kwa hiyo akipata wakili wa kulipwa, aulize bei ya kesi nzima, isiwe ya kujibu barua tu.