Lenzi ya shifti au zumu ya 70-200 kwa misalaba ya mawe ya Ayalandi?

Mwana_wa_Kibosho
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaomba ushauri kabla ya Jumamosi, kwa kuwa muuzaji amekubali kuniwekea mzigo hadi siku hiyo tu. Nina uwezo wa kununua lenzi moja kati ya mbili zilizokwisha kutumika. Ya kwanza ni ya milimita 24 yenye shifti, yaani ile inayosogezwa juu au chini ikiwa juu ya kamera ili jengo refu lisionekane kama linaangukia nyuma. Ya pili ni zumu ya milimita 70 hadi 200, yaani ile inayovuta karibu kitu kilicho mbali. Bei zao zinakaribiana sana. Nataka kupiga picha za misalaba mirefu ya mawe yaliyochongwa pamoja na magofu ya monasteri za kale huku Ayalandi, hasa Monasterboice na Clonmacnoise. Ipi itanifaa zaidi?

FundiLenzi
Ndugu mleta mada, umetutajia lenzi lakini umetunyima kila kitu ambacho kingetuwezesha kujibu. Kamera yako ina sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ya ukubwa gani? Unakwenda mwezi gani, una gari au unategemea usafiri wa umma, na picha zenyewe ni za kutazamwa kwenye simu au za kuchapishwa? Fundi hapimi suti kwa kusimuliwa. Hata hivyo msimamo wangu unajulikana humu: kwa kitu chochote kilichosimama wima, shifti kwanza. Msalaba wa Muiredach pale Monasterboice unazidi mita 5, na ule wa magharibi yake ni mrefu zaidi. Ukiinua kamera ili uupate wote, kilele kitakonda na msalaba utaonekana kama umelazwa chali. Kunyoosha kwenye kompyuta kunawezekana, lakini sehemu ya juu hutanuliwa, na nakshi zilizokuwa kali huanza kuvia.

Bi_Shanga
FundiLenzi anazungumzia umbo la msalaba, mimi nauliza habari za michoro iliyomo. Msalaba ule ni Biblia ya mawe. Upande wa mashariki, kwenye bamba la chini kabisa, Adamu na Hawa wako chini ya mti, na papo hapo pembeni Kaini anamuua Habili. Ukipanda juu unamkuta Daudi na Goliathi, halafu Musa akiupiga mwamba, halafu Mamajusi, na katikati ya duara la jiwe linalounganisha mikono ya msalaba ni Hukumu ya Mwisho. Chini ya Kristo yupo Mikaeli akipima roho kwenye mizani, na shetani amelala chali chini yake akijaribu kuiharibu mizani kwa fimbo. Hiyo fimbo ndiyo niliyoifuata safari nzima, na kwa lenzi ya milimita 24 haionekani kabisa.

Fanyeni hesabu. Bamba lililo mita 4 kutoka ardhini, ukisimama mita 3 mbali nalo, unalitazama kwa pembe ya takribani nyuzi 39, na kila uso unaonekana kwa kidevu. Ukirudi nyuma mita 10 pembe inashuka hadi nyuzi 13 au 14, na hapo ndipo zumu inapofanya kazi. Kwa nini tununue kioo cha kunyoosha kitu ambacho miguu yetu ingekinyoosha bure?

FundiLenzi
Bi Shanga, miguu inarudi nyuma pale tu penye nafasi. Pale ni makaburini, na watu wa eneo hilo bado wanazika wafu wao palepale. Ukirudi mita 10 utajikuta kati ya mawe ya makaburi ya juzi, nayo yataingia kwenye picha au utayakanyaga, na lipi kati ya hayo mawili ni la adabu sijui.

Mwana_wa_Kibosho
Mnisamehe, nilikuwa na haraka. Kamera yangu ni ya sensa ndogo, ile inayokuza picha mara moja na nusu. Ninaishi Dublin, sina gari, na nina siku 4 za likizo katikati ya Oktoba. Picha zitachapishwa kwa ukubwa wa sentimita 60 kwa 90 na kutundikwa katika ukumbi wa parokia yetu Moshi, ili katekista azitumie kufundishia watoto.

Bi_Shanga
Basi ungeanza na hilo la katekista! Mtoto wa miaka tisa hatajali kama msalaba umesimama wima kabisa. Atataka kumwona Goliathi.

FundiLenzi
Na hilo la sensa ndogo ungelianza nalo pia, maana linanirudisha nyuma kidogo, nakiri. Juu ya sensa hiyo, milimita 24 hukata picha sawa na milimita 36 kwenye kamera ya sensa kubwa, kwa hiyo hutapata ule upana unaoutarajia. Kamera ikiwa imesimamishwa wima, itakubidi urudi karibu mita 6 ili kupata msalaba wa mita 5 na nusu. Bado inawezekana, na bado ningeichagua.

Mpita_Makaburini
Naomba nieleze yaliyonipata ili mwenzetu asirudie kosa langu. Miaka michache iliyopita nilinunua lenzi ya shifti iliyotumika kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni ambaye sitamtaja. Niliitazama, kioo kilikuwa safi, sikuona ukungu wala mkwaruzo, nikalipa. Nikaenda nayo Ahenny, kule Tipperary, ambako kuna misalaba miwili ya zamani zaidi kuliko ya Monasterboice, iliyojaa mafundo na mizunguko ya nakshi kama mikeka iliyosukwa, kila mmoja ukiwa na kofia ya jiwe kichwani. Ni kikanisa kilichobomoka katikati ya mashamba, hakuna lango la tiketi wala mlinzi, na siku hiyo wenyeji wangu walikuwa ng'ombe tu waliokuwa wakinichungulia kutoka ng'ambo ya ukuta.

Kulikuwa na wingu zito, kwa hiyo nilipunguza tundu la lenzi nikapiga kwa sekunde mbili mbili juu ya stendi, lenzi ikiwa imesogezwa juu hadi mwisho. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilionekana sawa. Nilipiga asubuhi nzima, nikala mkate wangu nimeegemea ukuta, nikapiga tena upande wa pili, nikaondoka nikijiona mwanaume kamili. Usiku, katika nyumba ya kulala wageni, nilipozifungua kwenye kompyuta ndipo nilipogundua kwamba skrubu inayokaza shifti ilikuwa imelika. Lenzi ilikuwa ikiteremka polepole kwa uzito wake wenyewe wakati shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, iko wazi, si sana, kama unene wa ukucha, lakini kila nakshi ilikuwa na kivuli chake mwenyewe, kama maandishi yaliyochapwa mara mbili. Picha zaidi ya 200, na hakuna hata moja inayofaa. Muuzaji alinijibu kwamba lenzi "imepimwa na iko sawa" na kwamba muda wa kurudisha umepita. Kwa hiyo, ndugu, usinunue shifti usiyoishika kwa mkono wako. Ikaze, ielekeze juu, ining'inize kamera, subiri dakika moja, kisha utazame tena kipimo chake.

Nahodha_Malindi
Pole sana, Mpita. Mimi naona mnabishana juu ya sufuria ilhali moto haujawashwa. Jiwe lililochongwa halionekani kwa lenzi, linaonekana kwa kivuli. Huku kwetu, kwenye kaburi la Gede lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, maandishi yake huonekana au hupotea kufuatana na saa, na nimejifunza kutembea na kioo cha kabati. Unakisimamisha penye jua, mbali kidogo na jiwe, unaurudisha mwanga upite ubavuni mwa nakshi, na herufi zinainuka kama zimechongwa jana. Kioo kilichotoka kwenye kabati bovu hakigharimu hata senti, na lenzi yoyote uliyo nayo itatosha.

Mwana_wa_Kibosho
Mzee wangu Nahodha, nimeshukuru, lakini jua la Ayalandi mwezi wa Oktoba si jua la Malindi. Nilikusudia kufika alfajiri ili niupate upande wa mashariki kwenye mwanga wa dhahabu.

Nahodha_Malindi
Hapo ndipo wengi wanapokosea, mwanangu. Jua likichomoza, upande wa mashariki unalipokea usoni moja kwa moja, na mwanga wa usoni hufuta vivuli hata ukiwa wa dhahabu namna gani. Katikati ya Oktoba jua hufika kusini kamili kwenye saa 7 na dakika 10 mchana kwa saa za huko. Kwa kuwa msalaba unatazama takribani mashariki na magharibi, katika saa moja inayotangulia hapo jua linapita kando ya uso wa mashariki kama kisu juu ya siagi, na baada ya hapo linaanza kuugusa uso wa magharibi vilevile. Tena katika msimu huo jua la mchana haliinuki hata nyuzi 30, kwa hiyo kivuli cha duara hakitafunika mabamba kama ambavyo kingeweza kufanya mwezi wa Juni. Alfajiri lala. Panda treni ya kwenda Drogheda asubuhi, chukua teksi kutoka pale, ufike kabla ya saa 6.

Mstahiki_Pikseli
Na wingu likiwepo, kama litakavyokuwepo? Mnasahau njia ya tatu. Piga picha 150 au 200 zinazopishana, ukiuzunguka msalaba kwa lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera, kisha iachie programu ya kompyuta ijenge umbo lake la pande tatu. Kazi hiyo hupenda wingu, kwa sababu mwanga hautembei. Baadaye ukiwa nyumbani unaweka mwanga popote unapotaka, hata ubavuni, na unaikata picha ya Goliathi wa katekista bila kupinda. Euro zako zote zinabaki mfukoni.

Bi_Shanga
Ndugu Pikseli, hiyo ni kazi nzuri ya wataalamu wa mambo ya kale, lakini jiwe linalotoka humo kwangu lina sura ya plastiki. Ukoga mweupe na wa rangi ya chungwa ulioota juu ya jiwe, unyevu, nyasi zilizoinama, vyote vinapungua uhai. Picha ya ukumbini ni ya kuifanya nafsi isimame.

Mstahiki_Pikseli
Nafsi isimame na pua ya Goliathi isionekane? Hapana, asante.

Mpita_Makaburini
Jambo moja kabla hamjaenda mbali: yeyote asidiriki kukwangua huo ukoga, wala kupaka chaki ndani ya nakshi ili zionekane. Nimewahi kumkuta mtu ameshika brashi ya nyumbani. Jiwe lile ni jiwe la mchanga, na brashi inaondoka na chembe zake.

Kuhusu Clonmacnoise, mleta mada afahamu kwamba misalaba ya asili imehamishiwa ndani ya jengo la wageni, na iliyosimama nje ukingoni mwa mto Shannon ni nakala. Msalaba wa Maandiko, unaohusishwa na mfalme Flann aliyefariki mwaka 916, utaupata chini ya taa, si chini ya jua, kwa hiyo hesabu yote ya Nahodha haina kazi pale. Moone, kule Kildare, nako msalaba uko ndani ya gofu la kanisa, lakini chini ya paa linalopitisha mwanga. Mitume 12 wa pale chini, wenye vichwa vikubwa na miili ya mraba kama sanduku, hupata mwanga laini siku nzima. Na kwa maeneo yaliyo chini ya serikali, picha za biashara na droni zinahitaji kibali.

Mwana_wa_Kibosho
Sina droni wala biashara. Leo nimempigia muuzaji. Anasema skrubu ya shifti inakaza vizuri, lakini hakubali niijaribu kabla ya kulipa. Zumu amesema naweza kutoka nayo hata barabarani niitazame. Mke wangu naye ameuliza kwa nini tusinunue kioo kama cha Nahodha.

FundiLenzi
Asiyekubali kitu kijaribiwe anakijua. Mwache huyo, tafuta shifti kwa muuzaji mwingine. Ninaendelea kusema shifti.

Bi_Shanga
Na mimi zumu.

Nahodha_Malindi
Mwambie shemeji kisizidi sentimita 50 kwa 70, maana kikiwa kikubwa zaidi hakiingii kwenye teksi, na ukifunge kwa kanga mbili.