Nesi wa ndeke: nalipwa saa za hewani tu, je, saa za kungoja kwenye uwanja wa ndege wa Luano ni za nani?

NesiWaLuano: Jambo yenu wote. Huu ni mwaka wangu wa nne kusindikiza wagonjwa kwa ndeke kutoka Lubumbashi hadi Johannesburg, wengi wao wanatoka migodini upande wa Kolwezi na Fungurume. Safari ya juzi simu ilinipata saa tisa usiku. Saa kumi na nusu nilikuwa Luano na oksijeni, monita na sanduku la dawa. Mgonjwa akakawia barabarani, tukaruka saa tatu asubuhi. Kumkabidhi hospitalini, kungoja karatasi, kurudi na ndeke tupu, kusafisha vifaa: nilitoka Luano saa moja na nusu usiku. Nimehesabiwa saa tano. Tano! Yaani zile za hewani peke yake. Mkubwa wa kazi anasema mkataba wangu ni wa mshahara wa jumla, kila kitu kimo ndani. Nyinyi wengine mnalipwaje?

Mtoto wa Kamalondo: Yaya, dada yangu, wewe si rubani. Hizo saa za hewani wamezitoa wapi?

Mzee Karani: Dada, nimefanya hesabu za mishahara miaka mingi, acha nikueleze. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002, inaweka mwisho wa kawaida kuwa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Tena inasema kazi inahesabiwa tangu mtu yuko mahali pa kazi, mikononi mwa mwajiri, mpaka anapoachiliwa. Njia ya kutoka nyumbani haimo, isipokuwa safari yenyewe ikiwa ni sehemu ya kazi. Sasa angalia siku yako: toka saa kumi na nusu alfajiri hadi saa moja na nusu usiku ni saa 15. Kuchelewa kwa mgonjwa si kosa lako, na ndeke tupu haikukurudisha kutoka matembezi.

Nyongeza zinaenda kwa wiki. Saa 6 za kwanza juu ya 45 zinaongezwa asilimia 30, zinazofuata 60, na siku ya mapumziko au sikukuu 100. Tuseme unapata dola 585 kwa mwezi. Gawa kwa 195, ndizo saa za mwezi ukifanya 45 kwa wiki, saa moja ni dola 3. Wiki uliyofanya saa 58, zile 6 zinakupa 23.40, zile 7 zinakupa 33.60. Jumla dola 57 kwa wiki hiyo moja.

MamaKatuba: Dola 57 ni unga wa mwezi na makaa juu yake. Na bado wanatuambia "kila kitu kimo ndani"!

Wa_Texas: Msifikiri huku Marekani ni asali tupu. Mimi ni nesi wa helikopta. Sheria yao ya mwaka 1938 inataka saa ya arobaini na moja kwenda juu ilipwe mara moja na nusu, lakini wafanyakazi wa kampuni za ndege wametolewa kwenye kanuni hiyo, kwa hiyo nesi wa hospitali na nesi wa kampuni ya ndege wanaweza kulala chumba kimoja wakilipwa tofauti. Kwa wanaolindwa na kanuni hiyo, zamu ya saa 24 mwajiri anaweza kukata mpaka saa 8 za usingizi, ila lazima mmepatana, na usipopata walau saa 5 za kulala hakatwi mtu.

Mtoto wa Kamalondo: Kumbe hata usingizi una bei.

NesiKampemba: Mimi ningesema usiende peke yako. Mwenzetu mmoja aliingia ofisini amekasirika, wiki iliyofuata jina lake halikuwa kwenye orodha ya safari. Nendeni wawili watatu pamoja na delege wa sendika, yule mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Na anza kuandika leo: simu, kufika Luano, kuruka, kukabidhi, kuachiliwa. Mihuri ya pasipoti inathibitisha siku. Saa za Johannesburg ni sawa na zetu, hakuna atakayekuchanganya hapo. Lakini usipige picha fishi ya mgonjwa, ile karatasi ya matibabu yake, hiyo si yako.

Mzee Karani: Kweli kabisa. Wakikataa, mkaguzi wa kazi ndiye anayewapatanisha kwanza, kabla ya mahakama. Usikawie: madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka 1 tangu siku ulipopaswa kulipwa. Miaka yako minne, mitatu ya kwanza imeshakwenda na maji, pole.

NesiWaLuano: Aksanti sana. Hiyo mitatu imeniuma. Nimekaa na daftari na pasipoti tangu jana, nimeshapata safari kumi na moja, na wenzangu wawili wamekubali, tunamwona delege Jumatatu. Swali moja: ile siku ndeke iliharibika tukalala hoteli Johannesburg, usiku ule nauhesabu?

Mzee Karani: Ulikuwa huru kutoka, au walikuambia kaa karibu na simu?

NesiWaLuano: Simu mkononi, viatu mguuni.

Mzee Karani: Uandike. Ila jua hapo ndipo watakapobishana nawe zaidi.