Kompresa inanipandishia feni, na diski imejaa

Mwana wa Ngamiani:
Wakuu, habari za jioni. Narekodi taarabu ya kizamani chumbani kwangu hapa Tanga, maiki nne: shangazi anaimba, mimi udi, majirani wawili fidla na dumbaki. Shangazi kwenye ubeti ananong'ona, kwenye kiitikio anapasua. Nikaambiwa dawa ni kompresa, ile ya kwenye programu inayopunguza sauti ikizidi. Nimeweka kizingiti (pa kuanzia kubana) desibeli -40, 0 ikiwa ndiyo kilele, uwiano 10:1 (kila 10 zinazozidi, inapita 1), ataki (muda inaochukua kubana) 0. Sauti ikazama, nikaongeza geini (kipandisha sauti) 30. Sasa kila akinyamaza kuvuta pumzi, feni inanguruma kama lori. Na feni siizimi, Februari hii jamani!

La pili: nilidhani kompresa ikibana sauti, na faili litapungua. Wapi! Nilikuwa na GB 60 hivi wazi, vikao vitano vya saa tatu tatu vimezimaliza. Narekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa), kilohezi 96, yaani vipimo elfu 96 kila sekunde, kila kipimo biti 24.

Kijana wa Biti:
Hifadhi MP3 (faili dogo la sauti) ya kilobiti 320 kwa sekunde, mkuu. Nani atajua?

Fundi wa Kaseti:
Atajua siku ya kumiksi, yaani kuchanganya maiki zote. MP3 hutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. Mpe shangazi asikilize kwenye simu, ila usimiksi kwayo.

Mwanangu, umechanganya mibano miwili. Kompresa hubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo. Ukubwa wa faili la WAV haiugusi. Hata kimya cha dakika moja kinakula nafasi ileile ya kiitikio.

Tuje kwenye feni. Shangazi akifika -6 amevuka kizingiti chako kwa desibeli 34. Kwa 10:1 zinapita 3.4 tu, yaani umemkata zaidi ya 30. Feni, tuseme iko -55, haijafika kizingitini, haikuguswa. Halafu ukawapandisha wote 30. Feni sasa iko -25! Kompresa haina kosa hapo.

Anza na kizingiti -14, uwiano 3:1. Akifika -6 amezidi 8, zitapita kama 2.7, umemkata 5 na ushee. Geini rudisha 3 au 4, basi. Ataki milisekunde 15, ili mwanzo wa neno upite kabla haijamkamata. Ukiweka 0 herufi zake zinakuwa butu. Rilizi (muda wa kuachia) milisekunde 120, kisha sikiliza. Lakini kabla ya yote sogeza maiki. Ukiitoa nusu mita ukaileta robo mita, sauti yake inapanda kama desibeli 6 na feni inabaki palepale, mradi hujaielekeza huko.

Nafasi: kilohezi 96 kwa biti 24 ni kama MB 17 kwa dakika kwa kila maiki. Maiki nne, saa tatu: GB 12 na zaidi. Shuka 48, itakuwa nusu. Sikio linaishia kilohezi 20 hivi, na kurekodi kwa 48 hunasa sauti hadi nusu yake, kilohezi 24. Biti 24 usiziguse. Vikao vya zamani vigeuze FLAC (faili dogo kuliko WAV), havipotezi kitu, uviweke kwenye diski ya nje. Diski mbili, si moja. Mimi nilipoteza harusi nzima ya watu.

Mwana wa Ngamiani:
Shikamoo mzee. Nimesogeza maiki, nimefuata namba zako. Feni iko mbali sasa, tena kiitikio hakitoboi masikio. Shangazi kasikiliza mara mbili, kauliza kwa nini udi unamfunika.

Fundi wa Kaseti:
Marahaba. Huo udi anamiksi nani, si wewe?

Mwana wa Ngamiani:
Nimeshaushusha, mzee.