Mjadala: Mfungwa avuliwe haki ya kupiga kura?

Wadau, kila suala hili likiibuka, hoja ni ile ile: aliyevunja sheria asiwachague wanaozitunga. Naipinga, na naanzia kwenye asili ya adhabu yenyewe.

Athens ya kale waliiita atimia, yaani kuvuliwa heshima. Aliyepewa adhabu hiyo hakuruhusiwa kusema wala kupiga kura barazani, na hata hekaluni na sokoni alizuiwa. Neno wanalotumia Waingereza leo kwa haki ya kupiga kura, franchise, nalo lina mzizi wa Kifaransa cha kale, franc, mtu huru. Kote huko kura ilikuwa hadhi ya baadhi ya watu tu. Wanawake na watumwa wa Athens hawakuwahi kuionja. Hadhi hutunukiwa mtu, na aliyeitunuku anaweza kuichukua. Sisi tunasema kura ni haki ya kila raia mtu mzima. Basi adhabu ya zama zile inatafuta nini katika sheria zetu?

Tazameni Mississippi, Marekani. Katiba yake ya 1890 iliorodhesha makosa ya kumfutia mtu kura: wizi, kughushi, kuchoma nyumba moto, hata kuoa mke wa pili. Uuaji haukuwemo! Ubakaji haukuwemo! Yalichaguliwa makosa waliyodhani Weusi ndio huyatenda zaidi, na mahakama ya juu ya jimbo hilo ilikiri hivyo waziwazi mwaka 1896. Uuaji na ubakaji viliongezwa 1968 tu. Ukimpa mtawala mamlaka ya kuamua kosa lipi linafuta kura, umemruhusu ajichagulie wapiga kura.

Atatokea wa kuuliza, na familia ya marehemu je? Uchungu wao ni wa kweli, na kifungo ndiyo adhabu ya aliyewaumiza. Katika majimbo ya Maine na Vermont, Marekani, wafungwa hupiga kura. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamuru mwaka 1999 kwamba waandikishwe.

Ninayekubali azuiwe ni mwizi wa kura. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 83, inamnyima kujiandikisha aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyotangulia. Adhabu inalingana na kosa, na ina kikomo.

Anayetaka zaidi ya hapo aseme: kosa lipi, kwa muda gani, na orodha aiandike nani?