Kuku wanalegea na kufa, Malindi: ni kideri au sumu?

mfugaji_shela: Salaam wadau. Nina kuku wa kienyeji 18, wanatoka asubuhi na kurudi bandani magharibi. Tangu juzi wamekufa watano, watatu wamelala. Miguu ndiyo huanza kukosa nguvu, halafu mabawa, mwisho shingo. Hawakohoi wala hawana mafua. Vifaranga walio kwenye tenga wazima kabisa. Wa agroveti kanipa unga wa oksitetrasaiklini (antibiotiki), sioni tofauti. Jirani naye asema niwanyweshe shubiri na pilipili. Ni kideri?

bin_jogoo: Iangalie shingo kwanza. Kuku wa kideri shingo humpinda, kichwa kikaelekea mgongoni, na mara nyingi huhara kijani na kuhema mdomo wazi. Ikiwa imelegea kama kamba, mdomo umelala chini na kope zimefumba nusu, mimi nashuku botulizimu, yaani kupooza kwa sumu ya bakteria. Vuta unyoya wa shingoni: ukichomoka bila kushikilia, shaka inazidi. Na hao wa tengani kusalimika kunaonyesha sumu iko huko nje. Mchana wanachakura wapi?

mfugaji_shela: Imelegea, na manyoya yatoka. Nyuma ya ukuta kuna jaa, watu wamwaga matumbo ya samaki.

bin_jogoo: Basi anza hapo. Bakteria hutengeneza sumu ndani ya nyama iliyooza, na funza wa humo hubeba sumu bila kudhurika. Kuku akidonoa funza wachache tu, analala. Ndiyo maana mzoga ulioachwa uani huzaa vifo vipya.

Fungia kuku wote leo. Okota kila mzoga, zika futi tatu chini mbali na kisima, au choma. Lile jaa lifukiwe. Oksitetrasaiklini haiondoi sumu iliyokwisha ingia mwilini. Shubiri na pilipili usithubutu: kuku asiyeweza kumeza, ukimnywesha kwa nguvu maji yataingia mapafuni. Anayemeza bado mpe chumvi ya haluli, kijiko kimoja cha chai katika mililita 30 za maji, kidogo kidogo, isafishe tumbo. Aliyelala mweke kivulini, akae kifudifudi, kichwa kiinuliwe. Akivuka siku mbili, mara nyingi hupona.

dawa_za_mifugo: Nakubaliana, lakini usizike wote. Akifa mwingine, mtie kwenye mifuko miwili ya plastiki, weka barafu kando (usimgandishe), umfikishe siku hiyo hiyo maabara ya mifugo ya Mariakani. Kideri kikikosewa kitamaliza mtaa mzima, na homa ya mafua ya ndege haitambuliki kwa macho. Mjulishe pia afisa wa mifugo.

Ukimpasua mwenyewe, vaa glavu na barakoa. Vidoa vya damu kwenye tumbo dogo linalotangulia firigisi huelekeza kwenye kideri. Ini lililovimba lenye rangi ya shaba, homa ya matumbo ya kuku. Botulizimu kwa kawaida haiachi alama ndani.

Na mnaowahi kisu ili kitoweo kisipotee: kuku aliyelegea haliwi.

mfugaji_shela: Chanjo ya kideri niwape sasa?

dawa_za_mifugo: Subiri majibu. Wakiwa wazima wote, chanjo ya kideri iitwayo I-2, tone moja jichoni kwa kila kuku, rudia kila miezi mitatu. Mgonjwa hachanjwi.