Nilimwaibisha mwanafunzi kwa kukosa daftari, sasa haji shule. Nimrudisheje?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Mimi ni mwalimu wa darasa katika shule ambayo wazazi wengi wanaishi kwa vibarua vya siku. Huu ni mwaka wangu wa 4 hapa na nilidhani hali ya watoto hawa nimeshaijua.

Wiki 3 zilizopita nilikuwa nakagua madaftari. Kijana mmoja wa miaka 13 hakuwa nalo. Ilikuwa mara ya tatu, na kila mara jibu ni lilelile: "Nimesahau." Nilimsimamisha mbele, nikamuuliza kwa sauti kama na kichwa huwa anakisahau nyumbani. Darasa zima likacheka. Yeye hakusema kitu. Kesho yake hakuja, na mpaka leo hajaonekana.

Niliporudi kwenye rejesta ya mahudhurio ndipo nikaona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu muda wote. Tangu muhula uanze amekosa karibu kila Jumatatu na kila Alhamisi. Mtoro hachagui siku namna hiyo. Nikamuuliza rafiki yake, akaniambia siku hizo mama yao hupata kazi, na yeye ndiye anayebaki na wadogo zake wawili.

Mama nimemwita shuleni kwa barua mara mbili, hakuja. Uongozi unataka kijana aingizwe kwenye orodha ya watoto wa kusaidiwa, lakini orodha hiyo husomwa mstarini asubuhi, na nimeshaona watoto wakigoma kutoka jina lao linapotajwa. Naomba mnishauri: nimrudisheje, na wengine walio kama yeye tuwasaidieje bila kuwavua nguo mbele za watu? Usingizi wangu si wa kawaida siku hizi.

Kalamu Moja
Mwalimu, mimi nilikuwa mtoto huyo, kwa hiyo acha nikufungulie hilo neno "nimesahau". Ukisema umesahau, unaadhibiwa wewe. Ukisema nyumbani hamna, anayeaibika ni mama yako. Mtoto anachagua adhabu. Mimi "nilisahau" kalamu mwaka mzima.

Aliyenivusha ni mwalimu mmoja aliyeweka kopo la kalamu na penseli dirishani, na chini yake madaftari machache. Aliyetaka alichukua, hata mwenye nazo kwenye begi. Hakuuliza hata siku moja nani kachukua. Najua nyingine hazikurudi. Lakini mimi sikuwa "mtoto wa msaada", nilikuwa mtu aliyekwenda dirishani kama wenzake.

Msema Kweli
Mtaniwia radhi, mimi naona tofauti. Mzazi aliyeitwa mara mbili asitokee, hajali. Wengi wetu tumetoka kwenye dhiki na wazazi wetu walikuja shuleni. Tukiendelea kuwabeba, kila kitu kitaachiwa walimu, na mwalimu naye ana mshahara mmoja na familia yake.

Mama Watatu
Kaka Msema Kweli, nakujibu kwa heshima kwa sababu barua hizo mimi huzipokea. Inaandikwa "fika saa 4 asubuhi bila kukosa". Saa 4 asubuhi mimi niko kazini natafuta chakula cha jioni. Nikikosa siku moja, nafasi anapewa mwingine, na kesho sina pa kurudi. Barua yenyewe haisemi naitiwa nini, kwa hiyo nalala nikiwaza mwanangu kafanya kosa gani.

Halafu nikifika, kabla hata ya salamu nakumbushwa michango ninayodaiwa, na wazazi wenzangu wamekaa pale wanasikia. Nimesomesha watoto miaka 9 na sijawahi kuitwa hata mara moja nikaambiwa mwanangu amefanya vizuri. Watu wakikimbia wito wa shule, angalieni kwanza wakifika wanakutana na nini. Kujali tunajali, usiku kucha.

Ustawi
Nafanya kazi ya ustawi wa jamii, na nakubaliana na Mama Watatu. Kuhusu "hajali", kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ambao huwa naukumbuka sana. Mani, Mullainathan, Shafir na Zhao waliwapima wakulima wa miwa nchini India mara mbili, kabla ya mavuno mkono ukiwa mtupu, na baada ya mavuno. Watu ni walewale, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Dhiki inakula nafasi ya akili. Mama anayepiga hesabu ya leo usiku anaweza kusahau barua iliyo mezani kwake, na si kwa sababu hampendi mtoto.

Sasa mwalimu, nenda nyumbani. Tuma kwanza ujumbe wa mdomo, useme ni kwa ajili ya habari njema na kusalimiana, ili watu wasijiandae kwa vita. Nenda na mwenzako, ikiwezekana mwalimu wa kike ambaye mama anamfahamu. Usishike daftari la kuandika, maana ukianza kuandika tayari umekuwa mpelelezi. Kaa utakapoonyeshwa, na macho yasizunguke nyumba. Anza na jambo moja zuri na la kweli kuhusu kijana, kisha uliza, "Siku za Jumatatu na Alhamisi zinakuwaje kwenu?" halafu nyamaza. Ukimya huo wengi hatuuvumilii, tunaujaza kwa mawaidha. Na usiahidi kitu ambacho hukiwezi.

Nyongeza moja ambayo sitaki ipite: ukiona dalili kwamba mtoto anapigwa au anadhurika, hilo usilimalize wewe na mama hapo kibarazani. Lina taratibu zake na watu wake.

Pia usitoe pesa mfukoni kwa siri mwezi baada ya mwezi. Nimeona walimu wazuri wakichoka kwa njia hiyo mpaka wanaanza kuwakwepa watoto walewale waliowasaidia.

Mkuu Mstaafu
Niliongoza shule za namna hiyo miaka mingi. Orodha ya mstarini ifutwe, na ifutwe kesho. Finland ilipitisha sheria ya chakula cha shule mwaka 1943 na ikaipa shule muda wa kujipanga. Kuanzia 1948 watoto wote wa shule za msingi walikula mchana bure, wa tajiri na wa maskini sahani moja. Msaada ukiwa wa wote, hakuna anayenyooshewa kidole. Najua si kila shule inaweza kugawia wote. Basi pale mnapolazimika kuchagua, majina yajulikane na mtu mmoja au wawili tu, na vitu vitoke kwa njia ileile vinavyotoka vya kawaida. Sisi madaftari ya msaada tuliyachanganya na yale ya kazi yaliyosahihishwa. Mtoto anapokea rundo lake kama wenzake.

Jambo jingine ni la kwenu walimu. James Comer, daktari wa akili za watoto wa Chuo Kikuu cha Yale, alianza kazi mwaka 1968 katika shule mbili za watoto maskini mjini New Haven, Marekani. Wazazi waliketi pamoja na walimu kwenye kamati ya kuendesha shule, na kanuni mojawapo ilikuwa kutotafuta wa kulaumiwa. Kikao kinazungumzia tatizo na namna ya kulitatua. Jaribu hata kwenye kikao kimoja tu cha walimu. Utashangaa ni maneno mangapi huwa hayana pa kwenda lawama ikiondolewa.

Na kijana umwombe radhi mbele ya darasa, kwa sababu ulimwumiza mbele ya darasa.

Kalamu Moja
Mzee wangu, hapo naomba tutofautiane. Ukimwomba radhi mbele ya wote unawakumbusha wote kwamba hakuwa na daftari. Mimi ningetamani ardhi inimeze kwa mara ya pili.

Mkuu Mstaafu
Umenifikirisha, kijana wangu. Labda aulizwe mwenyewe.

Msema Kweli
Mama Watatu, nimekusoma mara mbili. Hilo la michango kudaiwa mlangoni sikuwahi kulitazama kwa upande huo. Kwetu pia tunafanya hivyo. Nitalipeleka kikaoni.

Chaki Nyeupe
Mrejesho, wakuu. Tulikwenda Jumamosi jioni, mimi na mwalimu wa sayansi. Nilianza kwa kumwambia mama kwamba mwanawe ndiye anayewaelewesha wenzake wa dawati sehemu na desimali pale mimi ninaposhindwa, na ni kweli kabisa. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Kwa hiyo hukuja kumfukuza?" Zile barua mbili alidhani ni za kumfukuza mtoto.

Kijana nilizungumza naye pembeni, nikamwomba radhi, nikamuuliza anataka niseme nini darasani. Akafikiri, akasema, "Usinitaje. Waambie tu wasimcheke mtu tena." Nimefanya hivyo. Jumanne alikuja. Kopo liko dirishani tangu siku hiyo na madaftari matano yameshaondoka. Orodha ya mstarini mkuu wa shule ameisimamisha, kwa sasa majina ninayo mimi na yeye.

Wa miaka 5 amekubaliwa kuanza darasa la awali, kwa hiyo huyo mdogo mmoja amepata pa kushinda. Wa miaka 2 bado, na Alhamisi hii kijana hakuja. Mama hana ndugu karibu, na jirani mmoja anaweza Jumatatu tu. Aliyewahi kulitatua hili la mtoto mdogo wa nyumbani anielekeze, nitapita hapa kila jioni.