Mrejesho: picha ya babu iliyoganda kwenye kioo

Mlionisaidia, ahsanteni sana. Kwa aliyekosa mwanzo: picha ya babu, nyeusi na nyeupe, iliganda kwenye kioo cha fremu kwa unyevu wa huku kwetu Lamu, na ufa umekata shavu. Niliuliza niibandue vipi.

Sikuibandua. Mlionionya kwamba itachunika mlisema kweli; niligusa pembe kidogo tu, ikaacha ngozi kiooni. Nikaiskani na kioo chake, dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), nikaihifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Faili hiyo ya kwanza sijaigusa, nafanyia kazi nakala.

Kwanza, kwa uvivu wangu, niliitia kwenye programu ya akili bandia. Dakika moja, safi kama ya jana! Nikampelekea bibi simu. Akatazama, akatazama tena. "Huyu nani, mjukuu wangu?" Kumbe babu kapewa pua ya mtu mwingine.

Basi nikarudi GIMP, programu ya kuhariri picha kwa mkono, ufa nikauziba kidogo kidogo kwenye leya yake, yaani tabaka la peke yake juu ya picha. Shavu lilikula jioni tatu. Kofia ndiyo iliyonitoa jasho: ni ya vito, yaani vitundu vimezungushiwa uzi kwa mkono, ukinakili upande huu ukabandika kule, mshono haukutani. Sehemu iliyofutika kabisa nimeiacha hivyo hivyo.

Safari hii bibi kamtambua, ila akauliza, "Na kovu la kwenye nyusi umelipeleka wapi?" Mimi nilidhani doa. Nimelirudisha jana usiku.